Nani Anakaa Kiti Kipi: Miaka Kumi na Sita ya Steve Redgrave Majini

Steve Redgrave wa Uingereza alishinda dhahabu ya kupiga makasia katika Olimpiki tano mfululizo: Los Angeles 1984, Seoul 1988, Barcelona 1992, Atlanta 1996 na Sydney 2000. Kila anapotajwa husifiwa moyo wake. Moyo alikuwa nao, tena mkubwa. Lakini zipange zile mbio tano utazame nani alikaa wapi ndani ya boti, utaona jambo linalofunikwa na sifa hizo. Hakuna hata dhahabu moja aliyoipata akiwa peke yake, na kila mambo yalipoanza kumwendea kombo, kilichomrudisha mbele kilikuwa mpangilio mpya wa viti. Swali kubwa la mpiga makasia katika maisha yake ya mchezo ni hili: ninakaa kiti kipi, nyuma ya nani, katika boti ipi? Nguvu huja baada ya hapo.

Alizaliwa Marlow, mji mdogo kando ya mto Thames, tarehe 23 Machi 1962. Shuleni masomo yalimwia magumu kwa sababu ya disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, na ni mwalimu wake wa Kiingereza, Francis Smith, aliyewakusanya wavulana wachache akawapeleka mtoni. Ndoto yake ya mwanzo ilikuwa kushinda akiwa peke yake, makasia mawili mkononi. Alishinda mbio kubwa ya mtu mmoja ya Henley, mashindano maarufu ya Uingereza, mwaka 1983 na tena 1985, na mwaka 1986 akachukua dhahabu ya mtu mmoja katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hata hivyo, katika mashindano ya dunia hakupata medali ya boti ya mtu mmoja hata mara moja. Mtu mwenye kiburi angeng'ang'ania. Yeye alihamia kwenye boti za kasia moja kwa kila mtu, na huko ndiko zilikotoka dhahabu zote tano.

Kwa asiyeujua mchezo huu: umbali ni mita 2,000 za maji yaliyotulia, njia sita, kila moja ina upana wa mita 13.5, na wapiga makasia huupa mgongo mstari wa kumalizia. Kasia la mtu anayeshika moja lina urefu wa karibu mita 3.75. Boti ya wawili ina urefu wa takriban mita 10 na kanuni hairuhusu iwe chini ya kilo 27; ya wanne wasio na nahodha (mtu asiyepiga kasia, anayeshika usukani tu) ni kama mita 13, na haipungui kilo 50. Mvuvi wa Lamu au Kilwa anayefunga kasia kwa kishwara kwenye ubavu wa mashua angeshangaa kuona kasia hili halishiki ubavu kabisa. Linakaa kwenye kishikio kilicho mwisho wa mkono wa chuma au wa nyuzi za kaboni unaotoka nje ya boti, kiasi cha sentimita 84 hadi 87 kutoka mstari wa katikati. Ukiongeza sentimita moja, kasia linakuwa jepesi kuvuta na safari ya mpigo inapungua. Ukipunguza sentimita moja, uzito unaongezeka na wenye miili midogo wanachoka kabla ya mita 1,500. Mafundi wa timu hutembea na futi ya kupimia kwa sababu hiyo.

Mpigo wenyewe una hatua nne, na makosa mengi hutokea katika ya kwanza. Mpiga makasia amejikunja mbele, magoti juu, mikono imenyooka, kiti chenye magurudumu kimefika mwisho wa reli. Ubapa wa kasia lazima uzame kwanza, ndipo miguu isukume. Anayesukuma kabla ya kuzamisha hupoteza sentimita kadhaa hewani, na hizo hazirudi. Miguu ikishafanya kazi yake ndipo mgongo unafunguka, na mikono inamalizia kwa kuleta mshikio mpaka chini ya mbavu. Mtu akifungua mgongo mapema, mzigo wote wa miguu unapitia kiunoni, na hapo ndipo diski za uti wa mgongo huharibikia. Kisha mikono inashuka, ubapa unatoka majini na kulazwa, na kiti kinarudi taratibu. Taratibu, nasisitiza. Watu wawili wenye jumla ya kilo 200 wakikimbiza viti vyao kurudi, uzito huo unaisimamisha boti ya kilo 27 iliyokuwa inateleza vizuri. Mtazamaji wa ufukweni huona watu wanaojituma. Saa ya kocha huona boti inayosimama baada ya kila mpigo.

Hayo hurudiwa mara 220 hadi 240 katika mbio moja: mipigo 44 au zaidi kwa dakika wakati wa kuondoka, 36 hadi 38 katikati, kisha kupanda tena mita 300 za mwisho. Ubapa ukiingia majini umepinda, maji huunasa, mshikio unarudi kwa nguvu kifuani, na mtu anaweza kutupwa nje ya boti. Mbio imekwisha.

Dhahabu ya 1984 aliipata kwenye boti ya wanne wenye nahodha, pamoja na Martin Cross, Richard Budgett na Andy Holmes, huku Adrian Ellison akishika usukani na kutoa amri. Muda wao ulikuwa dakika 6 sekunde 18.64, Marekani wakifuata kwa 6:20.28. Haki isemwe: Wasovieti na Wajerumani Mashariki walisusia michezo ile, na bila wao uwanja ulikuwa na nafasi. Boti ya aina ile haipo tena kwa wanaume katika Olimpiki. Iliondolewa baada ya 1992. Kwa hiyo Redgrave alijifunza mapema kwamba hata boti unayoshindia inaweza kufutwa.

Kutoka pale alibaki na Holmes, wakaingia kwenye boti ya wawili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote. Kila mtu ana kasia moja, mmoja kulia, mwingine kushoto, na vishikio vyao havikabiliani: kimoja kiko mbele ya kingine kwa zaidi ya mita moja. Hivyo hata wakivuta kwa nguvu sawa kabisa, omo, yaani mbele ya boti, hucheza upande mmoja mwanzoni mwa mpigo na upande wa pili mwishoni. Hakuna nahodha wa kurekebisha. Mmoja wao huelekeza boti kwa kiatu: kiatu kimoja kinazunguka, kinavuta waya mwembamba, waya unageuza usukani mdogo chini ya tezi, yaani nyuma ya boti. Kila ukiugusa usukani unaongeza ukinzani wa maji, kwa hiyo boti nzuri ya wawili ni ile ambayo nguvu zao zinajirekebisha zenyewe na kiatu hakiguswi ila mara chache. Uelewano wa namna hiyo haununuliwi kwa wiki sita. Unachukua misimu.

Redgrave na Holmes walikuwa mabingwa wa dunia wa boti ya wawili wenye nahodha mwaka 1986, wakiwapiku ndugu Abbagnale wa Italia, na mwaka 1987 wakatwaa ubingwa wa boti ya wawili bila nahodha. Seoul 1988 walijaribu boti zote mbili katika michezo ileile. Bila nahodha walishinda kwa 6:36.84. Kwenye ile yenye nahodha, pamoja na Patrick Sweeney, walipata shaba, ndugu Abbagnale wakachukua dhahabu. Shaba hiyo huwa inasahaulika, nami naona ndiyo inayofundisha zaidi. Boti yenye nahodha ni nzito, mbio zake ni ndefu kwa karibu nusu dakika, na mwili uliokwisha kutolewa kila kitu katika fainali moja haujazi tena glaikojeni, akiba ya wanga iliyo ndani ya misuli, kwa usiku mmoja. Wataalamu wa chakula huhesabu saa 24 au zaidi, hata mtu akila wanga mwingi. Baada ya Seoul, Redgrave hakuigawa tena Olimpiki yake.

Holmes aliacha mashindano baada ya hapo. Alifariki Oktoba 2010 kwa leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine ndani ya maji. Sisi tunauita homa ya mgunda, na Watanzania waliufahamu kwa uchungu ulipozuka Lindi mwaka 2022. Vijidudu vyake huingia kupitia michubuko, na viganja vya mpiga makasia havikosi malengelenge yaliyopasuka. Kwa hiyo mtu yeyote anayefanya mazoezi mtoni au ziwani afunike vidonda kwa plasta isiyopitisha maji, aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, asiweke chupa ya maji ya kunywa sakafuni mwa boti yenye maji machafu, na akipata homa kali na maumivu ya misuli ya miguu ndani ya wiki mbili tatu amwambie daktari wazi kwamba alikuwa majini. Bila taarifa hiyo dalili hudhaniwa kuwa mafua, au kwetu malaria, na muda wa dawa unapotea.

Mwenza aliyemfuata Holmes alikuwa Simon Berrisford, wakapata medali ya fedha mwaka 1989, kisha mgongo wa Berrisford ukakataa. Ndipo mwaka 1990 akaja kijana wa miaka 19 anayeitwa Matthew Pinsent. Mwaka huo waliambulia shaba ya dunia. Mwaka uliofuata waliingia mikononi mwa kocha mpya, Jürgen Gröbler, aliyetoka Ujerumani Mashariki na kuhamia klabu ya Leander, Henley. Pinsent alikaa kiti cha tezi kuweka mwendo; Redgrave, bingwa mwenye dhahabu mbili, akakaa nyuma yake kuufuata. Wangapi wangekubali? Wakawa mabingwa wa dunia 1991.

Gröbler hakuja na siri. Alikuja na hesabu. Sehemu kubwa ya mazoezi ilikuwa kupiga makasia polepole kwa umbali mrefu: kilomita 16 hadi 20 kwa kipindi, mipigo 18 kwa dakika, kisha kipindi cha pili, na mara nyingi cha tatu cha vyuma au mashine ya ndani. Tone la damu lilichukuliwa kwenye ndewe ya sikio kupima lakteti, kemikali inayoongezeka katika damu misuli inapofanya kazi kwa ukali, nayo ilitakiwa ibaki chini ya milimoli 2 kwa lita. Sababu yake ni kwamba katika mbio ya dakika sita robo tatu hivi ya nishati hutokana na oksijeni, na uwezo wa misuli kutumia oksijeni hujengwa kwa saa nyingi za kazi ya chini, miaka nenda miaka rudi. Kosa la vijana wengi ni kufanya kila zoezi kwa ukali wa wastani, mipigo 24 au 26, lakteti ikipanda hadi 4. Wanarudi nyumbani wamechoka na wanaridhika kwamba wamefanya kazi. Kumbe zoezi lile ni zito mno kurudiwa mara mbili kwa siku na jepesi mno kufundisha kasi ya mbio. Baada ya miezi minne nyakati zao zimeganda palepale.

Wingi huo nao una gharama. Ubavu hupasuka bila kugongwa, ufa mwembamba unaotokana na misuli ya kifua na tumbo kuuvuta mfupa pande mbili maelfu ya mara. Hutokea hasa mtu anapoongeza ghafla kilomita za mashine ya ndani. Maumivu ya kuchoma kando ya kifua unapopumua kwa kina au kugeuka kitandani ndiyo ishara. Anayeacha siku hiyohiyo hupona kwa wiki chache, anayejikaza hupoteza msimu.

Mwaka 1992 Redgrave aliugua tumbo, akagundulika ana vidonda vya utumbo mpana. Mwili usiofyonza chakula hauwezi kilomita 20 mara mbili kwa siku, na kwa wiki kadhaa boti ilikuwa inakwenda vibaya. Dawa zilimrudisha kwa wakati. Kwenye ziwa la Banyoles, zilikofanyika mbio za Olimpiki ya Barcelona, yeye na Pinsent walishinda kwa 6:27.72, karibu sekunde tano mbele ya Wajerumani, umbali wa boti mbili na nusu hivi. Wakatwaa ubingwa wa dunia 1993, 1994 na 1995, na mwaka 1996 wakashinda tena kwa 6:20.09, safari hii Waaustralia wakiwa nyuma kwa chini ya sekunde moja tu. Hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Uingereza katika michezo yote ya Atlanta.

Pengo lilipungua kutoka sekunde tano hadi moja. Redgrave alikuwa na miaka 34, na alitangaza mbele ya kamera kwamba hatakaribia boti tena. Miezi michache baadaye akabadili mawazo, lakini hakurudi kwenye kiti kilekile. Gröbler alihama pamoja nao kwenye boti ya wanne bila nahodha, akawaongeza Tim Foster na James Cracknell. Uamuzi huo ulikuwa wa busara sana. Katika boti ya wawili, nusu ya mwendo hutoka kwa mtu mwenye umri wa miaka 38; katika ya wanne, robo. Foster hakuwa na nguvu za Pinsent, ila aliingiza ubapa majini kwa usafi ambao wengine waliufuata. Walishinda ubingwa wa dunia mwaka wao wa kwanza, 1997.

Mwishoni mwa mwaka huohuo kiu isiyoisha ilimpeleka Redgrave hospitali: kisukari kinachohitaji insulini. Alikuwa anakula kiasi cha kalori 6,000 kwa siku. Mwanzoni alijaribu kuishi kwa mlo wa kawaida wa mgonjwa wa kisukari, sukari kidogo sana, na nguvu zikamwisha majini. Suluhisho lilikuwa kugeuza mlingano: ale kile ambacho mazoezi yanadai, kisha insulini ipangwe kufuata chakula, sindano kadhaa kwa siku na kujipima damu mara nyingi.

Ugumu wake ni huu. Misuli inayofanya kazi hunyonya sukari hata bila msaada wa insulini. Ukijidunga kipimo chako cha kawaida cha asubuhi halafu ukapiga makasia kwa saa moja na nusu, sukari inaporomoka chini ya milimoli 4, mikono inatetemeka, akili inakwenda taratibu, nawe uko katikati ya maji. Ukipunguza insulini kupita kiasi, sukari inapanda, mkojo unaongezeka, unakaukiwa maji na misuli haipati kuni zake. Ikivuka 14 huku kuna ketoni (kemikali zinazotokea mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini), mazoezi husitishwa. Kuna mtego wa tatu, nao huwakamata wengi: baada ya kazi ndefu misuli huendelea kujijaza sukari hadi siku nzima, kwa hiyo hatari kubwa huja usiku mtu akiwa usingizini. Dawa yake ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya mazoezi, chakula mara baada ya kushuka botini, na kipimo cha damu kabla ya kulala, kila mmoja akipanga viwango vyake na daktari wake. Jambo jingine wengi hawalijui: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipiga marufuku insulini mwaka 1998, isipokuwa kwa wenye kisukari wanaoihitaji. Kwa hiyo hata dawa yake ilihitaji karatasi ya kibali.

Boti ile ya wanne ilitwaa ubingwa wa dunia tena 1998 na 1999. Julai 2000, miezi miwili kabla ya Sydney, ikaanguka: katika fainali ya Lucerne, Uswisi, walimaliza wa nne. Gröbler hakubadili mtu.

Fainali ya Olimpiki ilipigwa Penrith, nje kidogo ya Sydney, tarehe 23 Septemba 2000. Waliongoza mapema, na hilo lilikuwa la makusudi. Kwa kuwa wapiga makasia wanatazama nyuma, anayeongoza anawaona wapinzani wote, na anayefukuza hamwoni aliye mbele yake bila kugeuza shingo. Wataliano walikuja kwa kasi mita 250 za mwisho. Uingereza 5:56.24, Italia 5:56.62, Australia 5:57.61. Piga hesabu: mita 2,000 kwa muda ule ni mita 5.6 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 0.38 ni kama mita mbili na sentimita kumi. Pinsent aliweka mwendo kiti cha tezi, Foster nyuma yake, kisha Redgrave, na Cracknell omo.

Bara letu nalo lina majina katika mchezo huu. Sizwe Ndlovu wa Afrika Kusini alikuwa kwenye boti ya wanne ya uzito mwepesi iliyoshinda dhahabu London 2012. Kathleen Noble, aliyezaliwa Uganda kwa wazazi Waireland, aliyeanza kama muogeleaji, alikuwa wa kwanza kuiwakilisha Uganda katika kupiga makasia kwenye Olimpiki, michezo ya Tokyo, naye alifuzu kupitia nafasi za Afrika. Alishindana kwenye boti ya mtu mmoja, na si ajabu: nchi yenye wapiga makasia wachache haina anasa ya kupanga viti. Boti ya mtu mmoja ndiyo mlango wa pekee. Tukitaka wapiga makasia wa Ziwa Victoria wapate zaidi ya kufuzu, kazi ya kwanza ni kupata watu wawili wa urefu na uzito unaokaribiana na kuwaacha pamoja misimu mitatu bila kuwatenganisha.

Naomba pia asisahaulike Ed Coode. Mwaka 1999 Foster aliumwa mgongo, na Coode ndiye aliyekaa kiti chake boti ilipotwaa ubingwa wa dunia huko St. Catharines, Kanada. Foster alipopona, Gröbler alimrudisha. Coode akapelekwa boti ya wawili pamoja na Greg Searle, na kule Sydney, katika Olimpiki ileile ambayo kiti chake cha zamani kilileta dhahabu, wao walimaliza wa nne. Aliendelea na mazoezi miaka minne mingine. Athens 2004 alikuwa kwenye boti ya wanne na Pinsent, Cracknell na Steve Williams, wakawashinda Wakanada kwa sekunde 0.08.